Hekalu Nililomsimulia Memsahibu

Madrasi nilikwenda mara moja tu, kubeba mwavuli. Watu wa kwetu Masanze waliposikia kwamba nimevuka bahari na kufika kwa Wahindi wenyewe, walinipokea kama mtu aliyetoka Maka, na kwa miaka mingi walikuwa wakiniita kwenye misiba na harusi niwasimulie. Sikuwa na la kuwasimulia. Mji ule niliuona nikiwa nyuma ya mgongo wa mwanamke wa Kizungu, na mgongo wenyewe ulikuwa mpana.

Mwanamke huyo alikuwa mke wa meneja wa shamba moja la mkonge, nje ya Kilosa. Tulimwita memsahibu, kama walivyoitwa wote. Nilichukuliwa kuwa yaya wa mtoto wake wa pekee, na mtoto alipofika umri wa miaka saba alipelekwa shule ya bweni Ulaya, nami nikadhani kazi yangu imekwisha. Haikwisha, kwa sababu memsahibu alikuwa hawezi kutafuta soksi zake mwenyewe. Mtu mzima, ameolewa, amezaa, na hajui kufunga vifungo vya mgongoni. Miaka yote aliyokaa Kilosa alijifunza maneno ya leta, peleka na ondoa, akaona Kiswahili amekimaliza.

Nyumba yao ilikuwa karibu na korona, yaani kile kiwanda cha kusagia majani ya mkonge na kutoa singa, zile nyuzi zake ndefu nyeupe. Ilikuwa karibu kiasi kwamba mashine ilipoanza asubuhi, vikombe vilitetemeka kabatini. Hata hivyo memsahibu hakuwahi kukanyaga huko hata siku moja. Upepo ukigeuka na kuleta harufu ya makapi, alifunga madirisha na kunilaumu mimi, kana kwamba nilikuwa nimeyaleta kwenye upindo wa kanga.

Mimi korona niliijua. Mume wangu alikuwa mlishaji pale, yule anayesimama mdomoni mwa mashine na kuisukumia majani, na kwa miaka mitatu kabla sijaajiriwa nilimpelekea chakula kila adhuhuri. Siku moja asubuhi mashine ilimchukua vidole vitatu vya mkono wa kulia. Wakati huo nilikuwa nyumbani kwa memsahibu napiga pasi. Kelele zilikatika ghafula, vikombe vikatulia. Memsahibu akauliza kuna nini, na nyapara aliyekuja mbio kuniita akamweleza kwamba mume wangu ameumia. Akasema pole. Kisha akakaa kitini, akafumba macho, akasema kwa Kizungu, na Kizungu cha mle ndani nilikuwa nimeshakizoea, kwamba hakujua kimya kinaweza kuwa kitamu hivi.

Bwana meneja alimpelekea mume wangu blanketi. Moja. Wakamwambia mtu wa vidole viwili hawezi kulisha wala kukata mkonge, arudi kwao. Akarudi Masanze kulima. Mimi nikabaki kazini, maana shamba jipya halilishi mtu mwaka wa kwanza. Sikubaki kwa mapenzi.

Safari ya Madrasi ilitokana na dada wa memsahibu, ambaye aliolewa huko na Mzungu wa ofisi ya meli. Aliandika barua kumwalika, na memsahibu akaamua kwamba hawezi kusafiri bila mtu wa kumvalisha. Tukapanda treni Kilosa mpaka Dar es Salaam, tukapanda meli mpaka Bombei, yeye juu mimi chini, kisha treni tena siku mbili. Njiani kila alipoona kitu dirishani alinyanyua kidole kunionyesha. Ng'ombe. Mto. Mtu analima. Nilikuwa nimetoka Kilosa, ambako ng'ombe, mito na watu wanaolima hatukupungukiwa navyo.

Huko Madrasi kila asubuhi tulipakiwa kwenye gari kwenda kutazama mji. Memsahibu alikuwa na kitabu chekundu kilichoandikwa vitu vyote vinavyostahili kutazamwa, na kila alichokitazama alikipigia mstari kwa penseli. Nikaja kugundua kwamba raha yake ilikuwa ule mstari. Alifika mahali, akasoma kitabuni pameandikwaje, akainua kichwa kuhakikisha kwamba pako, akapiga mstari, akaomba maji.

Shemeji yake alimtolea karani mmoja wa kutuongoza, mtu wa mji uleule, mpole, nguo nyeupe zilizonyooka. Karani akieleza jambo, memsahibu alimsahihisha kutoka kitabuni. Mtu amezaliwa pale, babu yake kazaliwa pale, anaambiwa na mgeni wa siku tatu kwamba mnara wa mji wake si mrefu kama anavyodhani. Naye akaitikia kwa kichwa. Nilimdharau kwa kuitikia vile, nikasahau kwamba mimi nilikuwa naitikia tangu mtoto wa watu akiwa ananyonya.

Kwanza tulitazama ngome ya Waingereza. Kuta nene, mizinga, na ndani yake kanisa lenye mawe ya makaburi ya Wazungu waliokufa kwa homa. Memsahibu alisoma majina yao akatokwa machozi. Katika nyumba yake mwenyewe alikuwa amekufa mpishi, mzee aliyempikia tangu siku aliyoshuka Kilosa, na siku ya maziko aliuliza chakula cha mchana kitapikwa na nani. Kwa mawe yale alitoa leso.

Kisha tulipelekwa ufukweni, kwenye mchanga ambao watu wa huko wanajivunia kwa upana wake. Ni mpana kweli, unaweza kufikiri umesimama katika mbuga ya Mkata wakati wa kiangazi, isipokuwa Mkata kuna kitu cha kuliwa. Memsahibu alitaka kutembea mpaka majini. Nikamshikia mwavuli, jua likanipiga mimi, na alipofika nusu ya njia akasema inatosha, akapiga mstari. Karibu na hapo palikuwa na nyumba ya samaki, samaki hai waliofungiwa kwenye vioo, na watu wanaingia kwa tiketi kuwatazama. Nikatazama na mimi. Walikuwa samaki.

Tukaona mnara wa taa, tukaona makumbusho yenye mifupa ya nyangumi, tukaona kanisa ambalo wanasema chini yake amezikwa mmoja wa mitume. Pale memsahibu alipiga magoti muda mrefu, nami nikapata nafasi ya kukaa. Aliposimama akaniambia niutoe vumbi upindo wa gauni.

Siku ya sita zamu ilikuwa ya hekalu. Hilo sikuweza kulidharau kwa macho, niseme kweli. Juu ya lango limesimama jengo refu kama kilima, limejaa sanamu za watu na wanyama zilizopakwa rangi, mamia kwa mamia, hakuna nafasi ya kutia kidole. Pembeni kuna bwawa kubwa la mraba lenye ngazi za mawe pande zote. Wanawake walikuwa wanaingia na maua na nazi, viatu wameviacha nje.

Langoni mlinzi akatuzuia. Karani akaeleza kwa adabu kwamba asiye wa dini yao haruhusiwi kupita mpaka ndani kabisa, memsahibu ataweza kutazama kutoka pale. Memsahibu akafungua kitabu, akakuta kitabu nacho kimesema hivyohivyo, akakasirika. Kupiga mstari wa nusu hakuweza. Akatazama miguu yangu, akatazama uso wangu, nikaona wazo linamjia.

"Wewe enda ndani," akaniambia kwa Kiswahili chake. "Wewe hapana viatu. Weusi kama wao, hapana mtu ataona. Angalia yote, rudi, ambia mimi."

Mimi ni Mwislamu, binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani. Memsahibu hakuniuliza, na kwa muda wote niliokaa kwake sidhani kama liliwahi kumpitia kichwani kwamba nina dini. Karani hakujua Kiswahili, lakini aliuona mkono wake ukinielekeza langoni, akaangalia chini. Memsahibu akarudi kukaa garini, upande wa kivuli. Nikazunguka ukuta mpaka waliponipoteza machoni, nikashuka ngazi za bwawa, nikakaa.

Pale palikuwa na mama mmoja anayeuza maua, ameweka asmini kwenye kapu anaziunga kwa uzi wa mgomba. Akanitazama, akatazama kanga yangu, akauliza kitu. Nikamjibu kwa Kiswahili, akacheka, nami nikacheka. Aliweka mkono wake karibu na wangu, akalinganisha, wangu ukashinda kwa weusi. Akafungua jani, ndani mna dengu za kuchemsha zilizochanganywa na nazi iliyokunwa, akanisogezea. Tukala. Akanionyesha anavyofunga maua bila kuyavunja, nami nikajaribu, nikavunja matatu, akanitoa kazini. Ndiyo saa moja niliyokaa Madrasi bila kumdharau mtu.

Nilipoona jua limesogea nikaagana naye kwa mikono, nikarudi garini. Memsahibu alikuwa ameshika penseli tayari. Akaniambia niseme yote, polepole. Nilikuwa nimekusudia kusema nimeona sanamu na taa, basi. Lakini yeye akaegemea mbele, macho yameng'aa, na kwa mara ya kwanza tangu anijue alikuwa anataka kusikia neno kutoka kinywani mwangu. Hasira ikanipanda. Nyumba kubwa niliyoijua kwa ndani ilikuwa moja tu duniani. Nikamsimulia korona.

Nikamwambia mna mungu wa chuma, mkubwa kama kichwa cha treni, anaunguruma tangu alfajiri na sakafu inatetemeka. Watu wanamletea majani marefu mabichi kwenye vigari, wanayapanga mbele yake na kumlisha kwa mikono. Anayatafuna huku anamwagiwa maji. Upande mmoja yanatoka maji ya kijani yenye harufu mbaya, upande wa pili zinatoka nywele nyeupe ndefu kuliko mtu. Makuhani wanazichukua kuzianika juani kwenye nyaya, safu kwa safu mpaka mwisho wa macho, na zikikauka zinapigwa burashi ndani ya nyumba nyingine, vumbi linawajaa usoni wanakuwa weupe kama mizimu, wanakohoa. Kila nilichosema alikiandika. Hakukuwa na neno hata moja la uongo isipokuwa mahali.

Kisha nikasema kwamba siku nyingine mungu yule anakula vidole vya wanaomlisha.

Penseli ikasimama. "Vidole?"

"Vidole, memsahibu. Nimemwona mwenye viwili."

"Yeye hapana lia?"

"Halii. Anapewa blanketi."

Akaliandika blanketi. Kisha akamgeukia karani akamuuliza kwa Kizungu kama ni kweli. Yule bwana akasema kwa upole kwamba yeye husali katika hekalu lile tangu utotoni na hajawahi kuona wala kusikia kitu kama hicho. Memsahibu akanigeukia akitabasamu, akaniambia hawa watu huficha siri zao. Yule karani nilimkosea. Nilimzulia Mungu wake mambo ya shamba la mkonge, naye alikuwa hajanifanyia lolote baya. Nililiona hilo palepale garini, na bado sikufumbua mdomo.

Tulirudi Kilosa mwishoni mwa masika. Baada ya wiki chache bwana meneja aliwaalika Wazungu wenzake kwenda kupiga nyati upande wa Mikumi, na memsahibu akafuatana nao, kwa hiyo nikafuatana nao na mimi. Walipiga mahema, wakatandika meza kwa kitambaa cheupe katikati ya majani na vinyesi vya tembo. Mchana, wakati wa kula, mgeni mmoja mwanamke akamwomba memsahibu awaeleze habari za Madrasi.

Akaeleza ngome, akaeleza kaburi la mtume, wenzake wakaendelea kutafuna. Alipofika hekaluni akashusha sauti. Akasema alivua viatu, akajitanda kitambaa kichwani na kuingia, na kwamba yeye ni mmoja wa Wazungu wachache sana waliowahi kuyaona yale aliyoyaona. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake na bakuli la viazi. Akamtaja mungu wa chuma, akayataja majani na maji ya kijani. Fundi mkuu wa korona, Mzungu mnene mwenye upara, alikuwa amekaa upande wa pili wa meza. Hadithi ilipofika kwenye nyaya aliacha kutafuna. Kwenye burashi akafunika mdomo kwa kitambaa, mabega yakawa yanamtikisika.

Memsahibu hakuona, maana alikuwa amefika kwenye vidole, na hapo ndipo alipopenda zaidi. Akasema mwenye kuliwa vidole hajutii, huona ni heshima, na hupewa blanketi takatifu. Bwana meneja akaweka uma mezani. Uso wake ulibadilika kuanzia shingoni kwenda juu. Akanitazama. Wazungu wengi walikuwa wamenitazama kabla ya hapo kama mtu anavyotazama mlango, lakini mara ile nilitazamwa. Sikushusha macho. Nikapitisha viazi.

Baada ya chakula alinifuata nyuma ya hema nikiosha sahani. Alikuwa anajua Kiswahili vizuri, hilo nisimnyime.

"Mungu huyo anaitwa nani?" akauliza.

"Jina sikuuliza, bwana. Namjua aliyekuwa akimlisha."

Nilidhani atauliza hali ya mume wangu, angalau kwa ajili ya adabu. Akasema mke wake asijue, kwa sababu fundi ameshacheka na wengine watacheka, naye hataki achekwe wilaya nzima. Hilo ndilo lililomuuma, kicheko cha wageni wake. Nikamwambia mimi si msemaji, na nikaendelea na sahani.

Tuliporudi Kilosa, nyapara akaniletea habari kwamba kuanzia Jumatatu niende kupalilia kwenye bustani ya miche ya mkonge, kazi ya nyumbani imekwisha. Sikwenda bustanini. Nilifunga nguo zangu, nikarudi Masanze kwa miguu.

Mume wangu nilimkuta anapukuchua mahindi. Nikamweleza kila kitu, tangu ngazi za bwawa mpaka viazi. Alisikiliza bila kuacha kazi. Nilipomaliza akauliza kama nilimwambia memsahibu kwamba blanketi lilikuwa la kijivu. Nikasema nilisahau. Akasema hilo lilikuwa jambo la kutaja, kwa sababu lilikuwa baya sana, ndipo akacheka, akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akachukua hindi jingine, akaniambia nisiifanye tena hadithi ile mbele yake, wala mbele ya mtu mwingine. Sikuifanya mpaka alipokuwa ameshaondoka duniani.

Hazikupita hata wiki tatu, gari likaja mpaka kijijini, watu wote wakatoka. Memsahibu akashuka, akavuka shamba la mpunga kwa viatu vyeupe. Yaya mpya alikuwa ameunguza blauzi mbili, na soksi hazionekani. Alitaka nirudi. Bwana alimwambia kwamba nimeacha mwenyewe, na alikuja kuuliza ni kosa gani amenifanyia.

Mume wangu alisogea kumwamkia, naye akatoa mkono, maana hakuwa mtu wa kukosa adabu za mkono. Akaupokea ule mkono wa vidole viwili. Akautazama.

"Pole," akasema. "Nini iliuma wewe?"

"Korona, memsahibu."

Nilimtazama usoni, nikingoja. Alikunja uso kidogo kama mtu anayetafuta neno, na kwa kitambo nilifikiri amelipata. Akasema tena pole, akasema atamwambia bwana alete dawa. Kidonda kilikuwa kimepona zamani. Akanigeukia, akaniambia mwakani anakwenda Kolombo, kuna mengi ya kutazama, na nitapewa kanga mpya. Nikamjibu kwamba nina shamba. Akatazama mpunga, ndege walikuwa wameanza kuushambulia, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

"Wewe hapana penda kuona dunia," akasema.

Akarudi garini. Dereva akageuza kwa shida, watoto wakasukuma kidogo, wakaondoka.

Mwanangu mkubwa, aliyesomea shule ya misheni ya Berega na kujifunza kutoa hukumu, husema kwamba mama yake ana dharau, na kwamba dharau ilinifanya nivuke bahari nzima nikarudi mikono mitupu. Huenda anasema kweli. Nikimuuliza angeona nini yeye kama angekuwa ameshika mwavuli wa mtu, huinuka akaaga.

Memsahibu hakuja tena. Vita vilipoanza alikuwa Ulaya kwa mtoto wake, na bwana meneja akahamishiwa shamba jingine upande wa pwani. Sisi tulibaki na mpunga. Mwaka ule mto Mkondoa ulifurika, tukapoteza nusu ya shamba, tukapanda upya maji yalipopungua. Mume wangu alijifunza kushika jembe kwa mkono wa kushoto na akalima vizuri kuliko wengi wenye vidole kumi, isipokuwa kupalilia, ambako alikuwa mvivu tangu ujana wake.